Niliacha Vidonge Ili Waamini Nina Akili Timamu

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, naishi Kibaha, na nina mtoto mmoja wa kike. Nafanya kazi katika kiwanda cha sabuni huko Zegereni. Jina langu liacheni. Niiteni Mama Hidaya, maana ndivyo wanavyoniita hata wale walionitenda haya.

Nimekaa na jambo hili kifuani mpaka nimechoka nalo. Machozi nimeshamwaga ya kutosha, na hasira nazo zimenichosha... Ninachotaka ni mtu mmoja tu kati yenu asome, kisha asifanye nilichofanya mimi.

Niliolewa na Ramadhani, mtu wa Kisarawe mwenye kazi ya ofisini Dar es Salaam. Ni mtu mpole wa kauli. Katika miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumsikia akipandisha sauti, na majirani walikuwa wakiniambia nimepata mume. Tulimpata Hidaya, na alipofika darasa la kwanza nikabeba mimba ya pili. Mtoto akazaliwa wa kiume. Aliishi saa chache tu... Sikupata hata kumnyonyesha.

Wiki ya kwanza watu walinipa pole. Wiki zilizofuata walitaka nicheke.

Mimi sikuweza. Usingizi ulipaa. Moyo ulikuwa ukinienda mbio hata nikiwa nimekaa tu nachambua mchele, kama mtu anayefukuzwa. Hidaya alikuwa akija na kitana nimsuke, nami namtazama tu, mikono haitaki kunyanyuka. Ramadhani alivumilia miezi kadhaa, kisha jioni moja akaniambia nyumba imemwelemea. Akanipa talaka kwa ile sauti yake ya upole, utadhani anaagiza chai.

Nikamchukua mwanangu tukahamia Kibaha, nikapanga vyumba viwili. Mdogo wangu wa mwisho, Saumu, akaja kukaa nasi. Nikapata kazi kiwandani, lakini hali yangu ilizidi kuwa mbaya. Nilikuwa nikijifungia chumba cha kubadilishia nguo, nalia mpaka kifua kinauma, kisha nanawa uso narudi kwenye mashine. Nani nimweleze? Ningesema naumwa wapi?

Aliyeniokoa ni msimamizi wetu wa zamu, mama mmoja wa Kichaga asiyependa maneno mengi. Alinikuta huko chumbani, akanishika mkono mpaka kituo cha afya.

Daktari alinihoji na kunipima, akasema nina sonona pamoja na ugonjwa wa wasiwasi, na kwamba yote mawili yanatibika kama maradhi mengine. Akaandika dawa. Lakini mtu aliyenifungua macho hasa ni nesi wa zamu, Sista Generosa. Alifunga mlango, akavuta kiti akaketi karibu nami, akaanza kunieleza taratibu.

Aliniambia nisitegemee kuamka kesho nikiwa nacheka. Dawa hizi huchukua wiki kadhaa mpaka mtu aone nafuu, na mwanzoni zinaweza kukusumbua kabla hazijakusaidia. Kinywa kitakauka, niwe napiga mafunda ya maji. Nitasinzia, kwa hiyo ninywe usiku, na nisikaribie mashine ya kukatia sabuni mpaka mwili uzizoee. Nikitaka kuamka kitandani nisikurupuke, nikae kwanza. Nisichanganye na pombe, wala na dawa za miti shamba au vidonge vya dukani kabla ya kumwuliza. Mwisho akalitaja jambo moja akalirudia, kisha akanitaka nami nilirudie kwa mdomo wangu: nisiache ghafla. Hata nikijiona nimepona. Hata nikichukia. Siku ya kuacha ikifika, watanipunguzia wao kidogo kidogo.

Kisha akaniuliza bila kuzunguka kama nimewahi kufikiria kujiua.

Niliutazama mlango alioufunga. Yeye akasubiri. Nikamwambia ndiyo, zipo siku nimefikiria... Hakushtuka wala hakunihubiria. Alinieleza kwamba wiki za mwanzo ndizo za kuangaliwa sana, kwa kuwa mwili unaweza kupata nguvu kabla moyo haujapata nafuu. Kwa hiyo vidonge visikae kwangu. Vikae kwa mtu ninayemwamini, anipe cha siku, na awe ananitazama.

"Nyumbani kuna nani unayemwamini?" akaniuliza.

Nikasema Saumu. Sikufikiri hata kidogo. Ningefikiri nini? Ni mdogo wangu, tumbo moja!

Wiki za mwanzo zilikuwa ngumu kweli. Asubuhi moja nilikurupuka kitandani nikaanguka, nikajikwaruza kiwiko, ndipo nikaelewa kwa nini Sista alinisisitizia. Msimamizi alinitoa kwenye mashine akanipeleka kubandika lebo. Saumu alinipa kidonge kila usiku na kunisubiri nimeze. Lazima niseme haki, mwanzoni alinitunza vizuri.

Siku ikafika nikaonja mchuzi nikasema chumvi imezidi. Saumu akacheka, akaniambia kila siku anaweka hivyohivyo. Ndugu zangu, nilikuwa na miezi mingapi sijui ladha ya chumvi? Hiyo ndiyo siku niliyojua narudi. Nikaanza kulala. Nikaanza kumsuka Hidaya, tena nikigombana naye kwa kutotulia, kama mama yeyote.

Kumbe wakati huo mambo yalikuwa yakipikwa.

Ramadhani alikuwa amemwoa mke mwingine, na alitaka Hidaya ahamie Kisarawe. Nilishamkatalia, naye hakuwa na hoja. Lakini alikuwa na mazoea ya kumpigia Saumu kumwulizia mtoto. Siku moja Saumu akamwambia kwamba natumia dawa, tena ni yeye anayezishika kwa sababu ya hofu ya mimi kujidhuru. Anasema alisema kwa kuniogopea. Huenda ni kweli. Lakini baada ya hapo Ramadhani akamwahidi kumtafutia kazi kwenye bandari kavu ya Kwala, kwamba kuna mtu anamfahamu huko. Tangu ahadi hiyo, Saumu akawa anampelekea habari zangu zote. Nimelala saa ngapi, nimelia au sikulia... Siri niliyomwambia nesi mlango ukiwa umefungwa ilikuwa ikisomwa Kisarawe kama taarifa ya habari.

Nikaletewa ujumbe kwamba wazee wa upande wa Ramadhani wanataka kikao kuhusu malezi ya mtoto. Nilichanganyikiwa. Kabla sijajua la kufanya, mwenyewe akanipigia simu.

"Mama Hidaya, mimi sina neno na wewe," akaniambia. "Wazee ndio wana wasiwasi na hizo dawa. Acha tu. Ukija pale ukasema hutumii dawa yoyote, mtoto anabaki kwako na mimi nitakuunga mkono."

Sikujiuliza hata wazee wamezijuaje. Nilimwambia kwamba nesi amenikataza kuacha ghafla. Akanijibu kwa upole kwamba manesi hawakosi la kusema, na kwamba yeye ananionea huruma, maana watu watasema mtoto analelewa na mwendawazimu. Nikamgeukia Saumu. Saumu akaniambia, dada, mbona umeshapona, unalala, unakula, hivyo vidonge vya nini tena?

Nami kweli nilijiona mzima. Hapo ndipo nilipokosea. Sikujua kwamba ule uzima ulikuwa umeshikiliwa na vidonge hivyohivyo, kama mtu anayetembea vizuri kwa sababu ana mkongojo.

Niliacha siku ileile. Saumu hakunipa kidonge usiku ule, wala mimi sikumwomba.

Siku za mwanzo sikuona kitu, nikajipongeza. Kisha Ramadhani akaomba kikao kisogezwe mbele wiki moja, ana safari ya kikazi. Sikuona ubaya. Katika wiki hiyo ndipo mwili ulipoanza kunigeuka! Kichwa kiliuma kama kimefungwa waya. Usingizi ukakatika kabisa, na nikisinzia kidogo naota ndoto za kutisha nashtuka nimelowa jasho. Mikono ikaanza kutetemeka. Hidaya akidondosha kijiko, mimi naruka. Nilimfokea mwanangu kwa jambo dogo nisilolikumbuka tena, akajificha nyuma ya mlango.

Ningeenda kituo cha afya wakati ule, yote haya yasingefika mbali. Lakini niliogopa. Nilijiambia nikirudi kwa nesi atanirudishia dawa, na nikirudishiwa dawa nimempoteza mtoto. Nikavumilia. Nani alinifundisha kwamba kuvumilia ni dawa?

Kikao kilifanyika nyumbani kwa baba mkubwa wa Ramadhani, Kisarawe mjini. Upande wangu alikuwepo mjomba peke yake, kwa kuwa baba yetu ni marehemu. Niliingia nikiwa nimejitahidi, nimevaa baibui langu zuri, nimewaamkia wazee wote. Wakaniletea maji. Nikanyanyua bilauri, mkono ukatetemeka mpaka maji yakanimwagikia mapajani. Chumba kizima kikanitazama.

Baba mkubwa akaniuliza hali yangu. Nikaanza kujibu, maneno yakanipotea katikati. Nikaanza upya, machozi yakatangulia. Akauliza kama natumia dawa za akili. Nikasema situmii. Akauliza mbona natetemeka. Basi hapo, wasomaji wangu, nikapandisha sauti. Nikasema natetemeka kwa sababu nimeacha dawa, na nimeacha dawa kwa sababu Ramadhani ndiye aliyeniambia niache! Nilipiga kelele hadi mtoto mchanga wa jirani akaanza kulia.

Wazee wakatazamana. Mnaelewa nilivyoonekana? Kwanza nimesema situmii dawa, mara nimeacha dawa, mara kosa ni la mtu aliyekaa kimya pembeni na kanzu yake nyeupe. Kila neno la kweli nililolitoa lilizidi kunizamisha.

Ramadhani hakujitetea. Alisubiri nimalize kulia, kisha akasema kwa sauti ileile ya siku zote:

"Wazee wangu, mimi sina la kuongeza. Mmejionea wenyewe."

Mjomba wangu aliinamia mkeka. Sikumlaumu. Hata mimi ningekuwa mgeni pale, ningesema mtoto achukuliwe.

Wakaamua Hidaya aende akakae na bibi yake mzaa baba kijijini Marui mpaka nitakapopata nafuu. Walimchukua mwisho wa wiki hiyo. Aliondoka nikiwa sijamaliza kumsuka. Upande mmoja ulikuwa na mistari minne, upande mwingine nywele zimesimama... Akapandishwa kwenye gari hivyohivyo.

Sitaeleza sana siku zilizofuata. Yale mawazo niliyomwambia Sista yalirudi, tena yalirudi na nguvu. Kilichonisaidia ni kwamba nilikuwa nimeshayasema kwa mtu mara moja, nikajua yanasemeka. Nikaenda kituo cha afya nikiwa nimevaa kandambili, sikujisuka wala sikujitazama kwenye kioo. Nikamkuta Sista Generosa.

Nilidhani atanigombeza. Hakunigombeza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniitia daktari, na siku hiyo hawakuniruhusu kurudi nyumbani peke yangu. Kulipotulia aliniambia kwamba ile mitetemo, ndoto na kufoka havikuwa wazimu. Ulikuwa mwili uliozoea kitu ukanyang'anywa kwa mkupuo. "Hata kama ulikuwa lazima uache," akasema, "ungekuja tukaacha pamoja."

Nilianza dawa upya, kwa kipimo kidogo, kama mtu ambaye hajawahi kuzitumia. Kinywa kukauka upya. Kusinzia upya. Wiki za kusubiri, upya! Mnajua inavyokera kuipanda tena njia ambayo ulikuwa umeshaimaliza, tena ukiwa huna mtoto ubavuni? Safari hii vidonge vilikaa kwa msimamizi wangu wa kazini, ambaye anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu.

Saumu alinieleza ukweli mwezi mmoja baadaye, baada ya kazi ya Kwala kutoonekana na Ramadhani kuacha kupokea simu zake. Alipiga magoti, akalia. Nilimwuliza swali moja tu: je, Ramadhani alisogeza kikao kwa sababu alijua nikiacha dawa nitakuwa vile? Saumu akasema hajui. Alichojua ni kwamba kila siku ya wiki ile alikuwa akimwuliza, vipi, ameanza kubadilika?

Mpaka leo sina jibu. Huenda alijua, huenda alibahatisha tu. Nimelala na swali hilo hadi limenichosha. Saumu amehama, tunaamkiana kwenye misiba na harusi. Nimejaribu kumsamehe, na siwezi kuwadanganya kwamba nimefika.

Nikaenda ustawi wa jamii. Ofisa aliyenisikiliza alikuwa mwelewa, akaniambia kumeza dawa hakumwondolei mama haki yake. Akamwita Ramadhani. Mara ya kwanza akasema yuko safarini. Mara ya pili ana mgeni wa kikazi. Mara ya tatu alikuja, akakaa kwa heshima, akakubali kila kitu, akaomba muda wa kushauriana na wazee... Hajarudi tena. Na huwezi kumkamata mtu kwa upole wake.

Kilichobaki ni kwenda Marui kumwona mwanangu kila nilipopata siku ya mapumziko. Mama mkwe wangu wa zamani, Bi Tatu, alinipokea kwa shingo upande. Nikimsuka Hidaya naye amesimama karibu. Nikimpakulia chakula naye yupo. Alikuwa amekwishaambiwa nisiachwe peke yangu na mtoto.

Siku moja mvua ilinyesha mpaka bodaboda wakagoma, nikalazimika kulala. Asubuhi nilimwona Bi Tatu akifungua pindo la khanga, akatoa vidonge viwili, akameza kwa uji. Nikamwuliza kwa adabu ni vya nini. Vya presha, akasema, miaka mingi sasa. Nikauliza kama hajawahi kuacha. Akaniambia aliwahi, alipojiona mzima, na akaanguka kwenye mihogo wakamwokota watu wa njia.

Akalifunga tena lile pindo, kisha akanitazama.

"Sasa wewe uliacha zako ili iweje?"

Nikamwambia Ramadhani alisema nikiacha, mtoto atabaki kwangu. Akanitaka nirudie. Nikarudia. Nilitegemea amtetee mwanawe, kama alivyomtetea siku zote. Badala yake aliweka bakuli la uji chini.

"Mimi nameza vidonge kila siku ya Mungu," akasema, "na mjukuu wamenikabidhi mimi."

Hakusema zaidi. Ni mama yake, na sikutaka aseme zaidi. Lakini siku hiyo niliondoka naye amekaa ndani, Hidaya akinisindikiza peke yake mpaka barabarani.

Shule zilipofungwa, Bi Tatu alikuja Kibaha mwenyewe na Hidaya, na begi, na kiroba cha mihogo. Alilala kwangu siku mbili. Jioni alinitazama nikipokea kidonge changu kutoka kwa msimamizi, naye akafungua pindo lake akameza vyake vya jioni. Alipoondoka aliniambia magoti yamemchosha kulea, na mtoto hatarudi naye. Kwa mwanawe atajibu yeye.

Hidaya yuko hapa ninapoandika haya. Lakini msidhani yameisha. Ramadhani hajasaini kitu, na ustawi wanamwita bado. Kiwandani kuna wanaonong'ona nikipita na chupa yangu ya maji. Bado natumia dawa. Sista anasema wakati ukifika tutapunguza, na sasa simuulizi tena lini.

Ndugu zangu, mkipewa dawa hizi, muulizeni nesi kila kitu, hata mnaloona aibu. Mkijisikia vizuri, huenda ndiyo dawa inafanya kazi yake, msiikimbie. Mkitaka kuacha, anzeni na aliyewaandikia. Yule mtakayemchagua awashikie vidonge, mchagueni kwa kifua chake cha kutunza siri, damu isiwadanganye kama ilivyonidanganya mimi. Na nyinyi ambao ndugu zenu wanatumia, tafadhali, msiyafanye maradhi yao kuwa silaha.

Na mtu akija kwako kwa sauti ya upole akakwambia uache dawa ili watu wakuone mzima, muulize kwanza yeye atakuwa wapi mikono ikianza kutetemeka. Mimi sikuuliza... Na mikono ilipotetemeka, alikuwa amekaa mbele yangu, anawaonyesha watu.